Bistori Mbili za Mwalimu Seti

Kama ulisoma shule ya msingi popote kati ya Birongo na Nyacheki katika miaka thelathini na moja iliyopita, na uliwahi kukimbia hata zile mbio za magunia, basi huenda Mwalimu Drusilla Nyangate alikufyatulia bastola. Usishtuke, hukuumia. Ilikuwa ile ya kuanzishia mbio, inayotumia baruti isiyo na kichwa cha risasi, yenye moshi na kishindo cha kuamsha mji mzima. Mwenyewe huiita "bistori". Watu wa huku herufi hizo huzipanga wapendavyo, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Nani atamsahihisha mwalimu aliyeshika bastola?

Watoto humwita Mwalimu Seti. Akisimama kando ya mstari wa chokaa hupaza sauti kwa Kiingereza chake cha kuwaita wakimbiaji mstarini, "Onyamaks!" kama anayefukuza ng'ombe kwenye mahindi, halafu huishusha taratibu, "Seeeti," mpaka visigino vyote vimeinuka. Kisha puu! Ni Msabato aliyeishika dini barabara, kwa hiyo Jumamosi bistori haijawahi kulia. Mwaka mmoja ratiba iliteleza hadi siku hiyo, wakatumia filimbi bila yeye, na mtoto mmoja akachomoka aliposikia honi ya muuza aiskrimu. Tangu hapo ratiba haijateleza tena.

Alistaafu kufundisha miaka minne iliyopita. Ana shamba la majani chai, ana migomba, ana kuku, ana mume aitwaye Ondieki, na vyote anavipenda, ingawa si lazima kwa mpangilio huo. Lakini shambani yeye ni mama mwenye kikapu mgongoni kama mama wengine wote. Penye mstari wa chokaa, uwanja mzima hunyamaza ukimsubiri yeye. Hapo ndipo anapojiona mtu, na wazo la kuambiwa siku moja akae kwenye hema na wageni, apewe soda, humtia baridi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimeanza kumsumbua, au tuseme kiliwasumbua wengine. Ondieki alilalamika kwamba redio inapigwa mpaka ng'ambo ya mto wanasikia habari. Drusilla alisema shida si redio, ni Ondieki, ambaye siku hizi ananong'ona. Na mwaka huu kuku wake alipototoa vifaranga kumi na mmoja, Drusilla aliwasifia kwa majirani.

"Hawa wako na adabu," alisema. "Tangu watoke kwa mayai hawajapiga kelele hata siku moja."

Majirani walitazama vifaranga, wakatazamana, wakaaga.

Sasa, bistori ya ofisi ya michezo ilichoka springi. Ukivuta leo, italia kesho. Bosire, katibu wa michezo na mshika saa, ambaye Drusilla alimfundisha hesabu darasa la tano kwa taabu kubwa, alimwita Shueib, mwenye duka la vifaa vya michezo mjini Kisii. Shueib akaleta bastola mbili za kampuni ile ile, za mfano ule ule. Moja ilikuwa toleo la zamani, la chuma, zito, la baruti, pacha wa ile iliyochoka. Ya pili ilikuwa toleo jipya. Umbo lile lile na mpini ule ule, ila ni ya plastiki ya rangi ya chungwa, na badala ya baruti ina waya unaokwenda kwenye kipaza sauti. Ukibonyeza, kipaza sauti kinalia pii. Ile ya zamani kila jioni lazima irudishwe kituo cha polisi na kila asubuhi iombewe barua. Hii mpya unaweza kuifungia kabatini pamoja na mipira.

"Mwalimu, wewe ndiye utachagua," Bosire alimwambia. "Chenye utasema ndicho nitaandika."

Drusilla alifika Itumbe Ijumaa asubuhi, kwenye uwanja ulio chini ya kiwanda cha chai, akiwa ameshachagua tangu nyumbani. Alikuwa amekuja tu kuhudhuria mazishi ya ile ya rangi ya chungwa. Shueib alikuwepo na sanduku lake, Bosire na saa yake na daftari, na Maureen, mwalimu kijana aliyetumwa kujifunza kazi. Wasichana sita wa shule ya karibu walikuwa wamevua viatu tayari.

"Bwakire, Mwalimu," wakamwamkia.

"Bwakire. Nani amewaambia mtabasamu? Onyamaks!"

Alianza na ya chuma. Puu! Moshi ukapanda, ndege wakahama miti, wachuma chai wa mlima wa pili wakainua vichwa. Wasichana walikwenda na kurudi wakihema. Drusilla aliushusha mkono wake, akanusa ile harufu ya baruti aliyoizoea, na akafurahi kwelikweli.

"Hiyo ndiyo bistori," alisema. "Leta hiyo toi yako ya kuchezea watoto, Shueib, tumalize."

Shueib alicheka kwa heshima, akampa, akamwonyesha pa kubonyeza. Wasichana wakainama.

"Onyamaks! Seeeti..."

Akabonyeza. Kimya.

Akakitazama kile kitu. Akakitikisa. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu, kama anayeua kunguni.

"Shueib, umetuletea mzoga!" akasema, na sauti yake ilikuwa na raha isiyofichika. "Bosire, andika. Mpya ni mbovu."

Alipoinua macho, mstari wa chokaa ulikuwa mtupu. Wasichana walikuwa wametawanyika uwanjani, wengine mbele, wengine wanarudi, wanaangaliana. Mmoja wao, Phanice, aliinua mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, imelia mara tatu. Tukimbie ama turudi?"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuuma. Watoto wa Kigusii wasipocheka jambo la kuchekesha, ujue wameona kitu. Bosire alitazama daftari lake, Maureen akatazama viatu vyake.

Shueib ndiye aliyeokoa jahazi, au alijaribu. "Pengine ni upepo, Mwalimu wangu," alisema kwa upole. "Umepeleka sauti ile upande mwingine. Hata mimi naweza kuirudisha, si neno. Tutasema ilikuwa na kasoro."

"Niandike mbovu?" Bosire akauliza, kalamu juu. Hakuwa anatania. Neno la Drusilla lilikuwa sheria, na kila mtu pale alikuwa tayari kulipokea bila swali.

Hapo Drusilla aliogopa kuliko siku yoyote maishani mwake. Ndiyo moja tu, na mambo yangebaki yalivyokuwa: chuma chake, moshi wake, mstari wake. Na nani angejua? Wote wangejua, lakini kwa adabu.

Alimgeukia Maureen. "Shika hii. Kuja na hicho kipaza sauti, weka hapa kwa sikio. La kulia. Bonyeza."

Maureen akabonyeza. Drusilla aliona Phanice akiziba masikio kule mbali.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza, madam."

"Weka la kushoto."

Kwa sikio la kushoto kulikuwa na kitu. Kidogo sana, chembamba sana, kama kifaranga aliyefungiwa nyumba ya tatu. Na alipokifananisha hivyo tu, akawakumbuka wale kumi na mmoja wake wenye adabu, na nyuso za majirani, na Ondieki masikini akisema na kurudia kusema. Aliketi kwenye nyasi. Aliona aibu, kisha akaanza kucheka, na katikati ya kicheko macho yakamlowa.

"Bosire, andika nzuri," alisema. "Mbovu ni sikio."

"Mwalimu..."

"Andika! Tena andika tuchukue hiyo mpya." Aliiokota ile ya chuma akaipima mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Cha Drusilla kilikuwa mkononi, amekiinua mwenyewe kando ya sikio kwa miaka thelathini na moja. "Naipenda hii. Naipenda sana. Lakini imekula sikio moja na nusu, na haijashiba. Huyu Maureen bado ako na yote mawili. Siwezi kumwachia hii."

Bosire akaandika. Kisha akakohoa, na Drusilla akajua sentensi inayokuja ilikuwa na hema ndani yake, na soda.

"Sasa, Mwalimu, kwa vile... pengine Maureen aanze..."

"Mimi?" Maureen akaruka. "Zii! Kubonyeza naweza. Lakini ile 'seti' yake siwezani nayo. Nilijaribu kwa shule, watoi wakanicheka mpaka wakalala chini. Si abonyeze yeye, mimi nikae kando nimwambie kama imelia?"

Bosire alitafuta kipengele cha sheria kinachokataza jambo hilo, hakukipata, akafunga daftari.

Michezo ya muhula ilifanyika Birongo, siku ya Alhamisi. Drusilla alisimama penye mstari na bistori ya rangi ya chungwa, Maureen kushoto kwake. Watu wakanyamaza kama zamani.

"Onyamaks! Seeeti..."

Kuna jambo moja Drusilla hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu mwenyewe hakulijua. Kishindo cha baruti kilikuwa kimemzoesha kufumba macho, kila mara, kitambo kifupi tu, palepale anapovuta. Aliyechomoka mapema alimwona vizuri na kumrudisha. Aliyechomoka kwa haki hakuwahi kumwona.

Akabonyeza. Hakikulia kishindo, wala moshi haukupanda, wala hakusikia chochote. Na macho yake, yakikosa cha kuogopa, yalibaki wazi.

Akaona vidole vikiachana na chokaa. Akaona nyayo nane za watoto zikiusukuma udongo kwa pamoja, na vinywa vikikazwa, na msichana wa pembeni akiondoka na tabasamu ambalo hata yeye mwenyewe hakujua analo. Mkono wake ulisahau kushuka.

Maureen alimgusa begani, akainama kwenye sikio la kushoto. "Madam! Imelia!"

"Najua," akasema Mwalimu Seti. "Nimeiona."