Mwale wa Jua Katika Karakana ya Tamie

Saa mbili asubuhi jua la bonde la Kiso, Japani, linachungulia juu ya mlima, na Tamie Furuhata amekaa gizani katika karakana yake akilingoja. Vibao vya dirisha vimefungwa. Kwenye kibao kimoja fundo la mbao lilidondoka zamani, likaacha tundu la kupenya kidole. Hapo ndipo alipokaza macho.

Mwale unaingia. Unakatiza chumba, unapita juu ya meza ya kazi na kutua kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Hapo amekaa mumewe, Isao, barakoa usoni. Nyuma ya Isao amesimama dada yake, Fumi, ambaye hata koti hajavua.

"Gari nimeliacha linanguruma," anasema Fumi. "Sijajua kama nashusha mzigo au narudi nao."

"Mzigo unasikia," anasema Isao.

Tamie hacheki. Anabana barakoa yake puani, anawasha mashine ya kufyonza vumbi, anachukua kitana na kuanza kukipiga msasa. Mwale ukibaki mweupe, mumewe analala nyumbani leo. Ukichafuka, anarudi kwa dada yake, na karakana inafungwa. Hayo ndiyo makubaliano.

Akina Furuhata wanachonga vitana vya mbao, vile vya meno membamba ambavyo bibi harusi wa huku hawezi kuondoka kwao bila kimoja. Mbao yenyewe ni ngumu kama pembe, na unga wake ni laini kuliko wa mchele. Kwa wiki Tamie hutoa vitana saba au vinane, na kimoja huuzwa yeni elfu tisa. Si utajiri, ila unga huo umelisha nyumba hii tangu enzi za baba mkwe wake.

Umeila pia. Miaka arobaini Isao alijifunga taulo ya pamba mdomoni akaamini inatosha. Unga mnene ulinaswa kwenye taulo. Ule mwembamba ulipita moja kwa moja hadi kwenye mapafu. Na kila alipomaliza kitana alikipuliza katikati ya meno, kama alivyomwona babake akifanya.

"Anapuliza puu, halafu anavuta pumzi," anasema Tamie. "Alichokipuliza anakimeza tena. Na mimi nimekaa pembeni nasema, lo, mume wangu ana mkono mzuri."

Mwaka juzi Isao akawa hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila kuketi katikati. Daktari akasema mapafu yana makovu na hayatarudi yalivyokuwa. Kilichobaki ni kuyakinga yasizidi kuharibika. Karakana na jikoni vimetenganishwa na mlango mmoja wa kusukuma, hivyo ama vumbi litoke ama mgonjwa atoke. Vuli ilipoingia, akatoka mgonjwa, akaenda kukaa kwa Fumi.

"Nilimwambia afunge," anasema Fumi, bila kumung'unya maneno. "Vitana vya plastiki vimejaa madukani, na sijaona mtu aliyeota upara kwa ajili hiyo."

Tamie aliomba apewe msimu mmoja tu wa baridi ajaribu. Alinunua barakoa za viwandani, zile zinazoshika uso pasiwe na upenyo. Seremala jirani akamfungia mashine ya kufyonza vumbi, mdomo wa bomba ukiwa kando ya mkono wake kwenye meza, mwisho wake umepenyezwa ukutani ili uchafu utemwe nje. Nguo za kazi akawa anazivua mlangoni na kuziloweka, wala hazikung'utwi tena.

Hata hivyo, kila asubuhi alipofungua kabati la jikoni alipitisha kidole kwenye mabakuli na kukuta unga.

"Nikakaa sakafuni nikalia," anasema. "Nimefanya yote. Sasa vumbi linatoka wapi?"

Jibu lilikuwa mkononi mwake. Alipoolewa, mama mkwe alimfundisha kwamba mwanamke wa nyumba hii hufagia kabla jirani wa kwanza hajapita njiani. Tamie amefagia hivyo miaka thelathini na sita, baraza kwanza, kisha karakana. Amesifiwa kwa hilo kuliko kwa vitana. Barakoa aliivaa wakati wa msasa. Kufagia, nani huvaa barakoa kwa kufagia?

"Siku hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio, nikachelewa kufika karakana, nikaacha vibao vimefungwa. Nikafagia gizani kwa mazoea tu. Jua likapenya pale tunduni, na mwale ukawa mnene kama ile kamba ya majani ya mpunga inayoning'inia hekaluni. Ulikuwa unachemka kwa vumbi."

Kesho yake hakufagia. Alikaa akangoja jua, na mwale ukaingia mweupe. Akachukua ufagio, akafagia hatua mbili, ukachemka tena.

"Vumbi lilikuwa limelala usiku kucha, mimi ndiye ninayekwenda kuliamsha," anasema. "Usafi wangu mwenyewe."

Dawa aliijua tangu utotoni. Kwenye mikeka ya sebuleni watu wa huku humwaga makapi ya chai yaliyokamuliwa, yenye unyevu kidogo, ndipo wanapokusanya uchafu. Lakini karakana ya vitana haiingizwi maji, maana unyevu huvimbisha mbao na meno yakapinda. Tamie akaagiza kasha lenye kifuniko kinachobana. Siku hizi vitana vyote huingia kasha kwanza, kisha humwaga makapi, huyakusanya taratibu akiwa na barakoa, na mwisho hupitisha kitambaa kibichi. Kasha hafungui hadi sakafu ikauke.

Majirani walipoacha kusikia ufagio wake alfajiri walikuja kuuliza kama anaumwa. Fumi alipiga simu.

"Wifi, nasikia usafi umestaafu."

"Umehamia ndani, wifi. Njoo uone."

Ndiyo maana yuko hapa. Sasa anasogea hadi mwale unamgusa pua, analichunguza lile jua kama anayechagua samaki sokoni.

"Kuna chembe pale."

"Imetoka kwenye koti lako," anasema Tamie bila kuinua kichwa.

Isao anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, na wote wawili wanamtazama hadi kinapotulia. Mwale umebaki mwembamba na mweupe. Tamie anamaliza jino la mwisho na kumpa mumewe kitana kizingitini akikague.

Isao anakigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha anashusha barakoa na kukipeleka mdomoni.

"Baba," anasema Tamie, sauti ya chini kabisa.

Mkono unasimama hewani. Isao anautazama kama wa mtu mwingine, anapandisha barakoa na kumrudishia mkewe kitana. Tamie anakipitisha brashi mbele ya mdomo wa bomba, na unga unatoweka.

"Kichwa kimesikia," anasema Isao. "Mkono bado mkaidi."

Meza ya kazi hatairudia, daktari alishakataa. Lakini kitana hakiendi sokoni bila kupakwa mafuta ya mbegu za maua ya kamelia, na kazi hiyo haina vumbi. Tamie ameshamwekea kiti jikoni, chupa na vitambaa. Mlango wa kusukuma utabaki umefungwa. Theluji ikiyeyuka anataka kuwaita wanawake wawili wa mtaa wa juu, wachongao majumbani mwao wakiwa na taulo mdomoni, waje na fagio zao wakae gizani wangoje jua.

Seremala amejitolea kuziba lile tundu, upepo usiingie. Tamie amemkatalia. Usiku analiziba kwa kitambaa, asubuhi anakitoa.

"Na huo mto wangu wa kulalia uko wapi?" Isao anamuuliza dada yake.

Fumi anageukia mlango. Anavaa viatu, anatoka, na baada ya muda mfupi ngurumo ya gari inazimika pale pale nje.