Sufuria ya Mpini Uliovunjika

Watu wakinisifu kwamba jiko langu ni safi huwa nakasirika, nao hawajui kwa nini. Usafi ndio uliokaribia kumuua mdogo wangu. Haukuwa uchafu, haukuwa uchawi, wala hayakuwa maji ya kisima kama alivyoshikilia baba. Ulikuwa usafi wa mama yangu, mwanamke asiyeweza kulala kama kuna kijiko kichafu ndani ya nyumba.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Tulikuwa tumetoka bara, baba kapata kazi ya ukarani bandarini, tukapanga vyumba viwili Temeke, wakati huo Temeke ingali na minazi mingi kuliko nyumba. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa asili ya Kiarabu, mjane, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Wapangaji wengine walikuwa watu wa pwani. Wakristo wa bara tulikuwa sisi tu.

Kwetu mama alipikia vyungu. Chungu hakitaki makuu: unakisuuza, unakifunika, basi. Kumbe pwani sufuria ni uso wa mwanamke. Kila asubuhi wanawake wa ile nyumba walikaa uani na makumbi ya nazi, jivu na mchanga, wakasugua mpaka mikono ikachubuka, kisha wakazifudikiza sufuria zao juu ya kichanja, zikauke juani na kila apitaye azione. Mama alikuwa na visufuria viwili vya bati, vyeusi tii.

"Nyie watu wa bara," jirani wa chumba cha pili alimtania, "haya masizi mnayala au mnajipaka?"

Uwanja mzima ulicheka. Mama naye alicheka, ila alicheka vibaya, na tangu siku hiyo akawa anaamka kabla ya wenzake kusugua.

Ikatokea bibi mwenye nyumba akafunga safari ya Kunduchi. Binti yake alikuwa amejifungua, naye alikwenda kumlea mpaka arobaini itimie. Siku ya kuondoka alimwita mama chumbani kwake, akampa sufuria ya shaba, kubwa, nzito, ya kututosha sote na mgeni juu.

"Chukua, mwanangu. Una watoto wanne, utahangaika mpaka lini na hivyo vikopo?"

Mama alipiga goti akashukuru. Bibi hakueleza neno lolote kuhusu ile sufuria, nami simlaumu. Pwani nzima inajua sufuria ya shaba ilivyo. Nani anamkalisha mtu mzima chini kumfundisha kwamba moto unaunguza?

Nje ilikuwa nyekundu. Ndani ilikuwa na weupe uliofifia, wenye mabaka ya kijivu. Mama aliichungulia akaguna kwa huruma.

"Masikini bibi, mikono imeisha nguvu," aliniambia. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa watoto, kwa hiyo mazungumzo yake ya jikoni yaliniangukia mimi. "Ona uchafu ulivyogandia humu."

Akaketi na mchanga, jivu na ndimu, akaanza kazi. Weupe ule ulikuwa mbishi lakini mama alikuwa mbishi zaidi. Ulikatika kidogo kidogo, na chini yake ukatokea wekundu mzuri ajabu. Mama akawa anaimba nyimbo za kanisani. Alipomaliza, sufuria ilikuwa nyekundu ndani na nje, akaifudikiza kichanjani katikati ya sufuria za wenzake. Wanawake waliusifu mgongo wa ile sufuria unavyowaka. Ndani hakuna aliyechungulia.

Ule weupe haukuwa uchafu. Lilikuwa bati, ambalo fundi huliyeyusha na kulitandaza ndani ya shaba ili chakula kisiiguse shaba yenyewe, kwa maana shaba ikikutana na kitu kichachu hutoa sumu. Nakueleza mapema ili usihangaike kama tulivyohangaika sisi. Sisi hatukuwa na wa kutueleza.

Mama alikuwa amejifunza uji wa ukwaju kwa wanawake wa pale, na sote tuliupenda. Akaupika jioni, ukalala sufuriani, tukaunywa asubuhi. Tumbo likaanza kutusokota mmoja mmoja. Sisi wakubwa tulikimbia chooni, tukatapika, tukanyanyuka, na uji ule haukupikwa tena. Mdogo wetu wa mwisho hakunyanyuka. Alikuwa mtoto wa kama miaka mitatu hivi, mnene, mwenye maneno mengi. Alitapika mpaka akawa anatoa maji ya kijani, macho yakaingia ndani, maneno yakamwisha.

Mama alikuwa ameshazika mtoto mmoja huko bara. Aliponiambia nikamwite baba kazini, sauti yake ilinitisha kuliko hali ya mtoto.

Dresa wa zahanati alimpapasa tumbo, akampa dawa ya unga, akatuasa tuchemshe maji ya kunywa. Ulikuwa ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Mama akachemsha maji. Akayachemshia wapi? Katika chombo kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na kisafi kuliko vyote. Akakamulia ndimu ya kukata kichefuchefu, akatia chumvi, akafunika, akayaacha yapoe mle mle. Kisha akampakata mtoto na kuanza kumnywesha.

Yule mtoto alikataa. Aligeuza uso, akakaza meno, akampiga mama kifuani kwa vijikono vyake. Mama akamshika taya.

"Kunywa, baba. Kunywa upone, baba yangu."

Alikuwa akimnywesha huku analia, na mtoto akitapika, anamnywesha tena. Mimi nilishika miguu ya mtoto kwa sababu niliambiwa niishike. Yalikuwa hayo asubuhi, yakawa hayo jioni, siku nenda siku rudi, na mtoto akazidi kuisha. Hakuna dawa aliyopewa kwa upendo kama ile, na ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Baba aliukasirikia mji mzima. Alisema kisima kimeoza, Temeke imeoza. Jirani wa chumba cha pili alinong'ona kwamba vyombo vya watu vina mambo yake, na bibi mwenyewe yuko wapi wakati mtoto anateketea? Mama alikataa kusikia habari hizo. Alipiga magoti pembeni mwa kitanda mpaka magoti yakavimba. Dua zake zilikuwa zimeishiwa maneno, alikuwa anasema tu, "Huyu usimchukue. Huyu usimchukue."

Jumapili moja baba alimwuliza, mbele yetu, bila hata kushusha sauti, "Tukimzika, tumzike hapa au tumrudishe kwetu?" Mama alimrushia kata ya maji. Nilimchukia baba siku ile, na kusema kweli sijamaliza kumchukia.

Arobaini ya kule Kunduchi ikatimia, bibi akarudi. Alisikia habari kizingitini, akaja moja kwa moja chumbani kwetu na buibui lake.

"Shikamoo, bibi," mama alisema bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto kawaje? Nipe maji nimpanguse uso."

Nikafunua sufuria nimchotee. Bibi aliinama, akachungulia, akapiga ukelele ambao ulileta watu kutoka uani.

"Bati liko wapi?"

"Bati gani, bibi?" mama aliuliza.

"La humu ndani! Weupe wa humu ndani!"

"Niliusafisha," mama akasema. Nakumbuka alisema kwa fahari kidogo, kwa kuwa bado hakuwa ameelewa.

Bibi alimweleza. Maneno machache tu, na wale wanawake waliosimama mlangoni walikuwa wanatikisa kichwa, wanajua wote, kila mmoja anajua. Jirani wa chumba cha pili alijifunika uso kwa kanga. Mama hakulia. Alibeba sufuria akatoka nayo, tukasikia shoka. Alipiga katikati ya kitako mpaka kikapasuka.

"Unafanya nini?" Bibi alimkimbilia. "Ingetiwa bati tu! Fundi anapita hapa!"

"Nami nitaisugua tena," mama alisema. "Bibi, mie sijui kuacha kitu kichafu."

Kutapika kulikoma. Tulidhani tumeshapona, tukamshukuru Mungu mapema mno. Mtoto hakutaka kula. Alipokea maziwa kidogo kwa bibi, dafu kidogo, lakini mtu haishi kwa matone. Kila alipoletewa chakula kutoka jikoni kwetu alikaza meno kama alivyozoea. Alikuwa mifupa na macho. Dresa alisema tumbo halina neno sasa, asipokula tu ndipo tutampoteza.

Mama akaamua kwamba mtoto anaogopa vyombo vyetu. Inahitajika sufuria nyingine, ya sura nyingine, na safari hii hatadanganywa na rangi. Akafunga ile shaba iliyopasuka katika kanga, tukaenda dukani.

Mwenye duka alikuwa Mwarabu mzaliwa wa pale pale, mpole. Alitushushia kwanza sufuria nyepesi nyeupe za bei ya watu kama sisi. Mama akatoa ndimu na msumari, akaanza kukwaruza.

"Mama, hujainunua hiyo!"

"Weupe huu unatoka?"

"Hautoki, ni nyeupe tu."

"Na ile yangu nilidhani ni nyekundu tu," mama alisema, akaisukuma pembeni. Kwenye ukingo ndimu ilikuwa imeacha alama.

Akaletewa za kupakwa rangi, zenye maua. Moja ilikuwa imebanduka pembeni, chini yake peusi. Mama aliigusa kwa kidole. "Hii nayo imevaa nguo," alisema. Mwenye duka akapanda ngazi kushusha za stili isiyoshika kutu, walizokuwa wakinunua Wazungu. Zilikuwa nzuri, na bei yake ilitufanya tutazame chini. Mama hakuondoka. Alisimama pale, amebana furushi lake, wateja wakimzunguka.

"Mwanangu hali," alimwambia yule mtu asiyemjua. "Nilimlisha sumu kwa mkono wangu. Nipe sufuria ambayo ndani yake ni hiyo hiyo."

Mwenye duka aliteremka ngazi. Kisha akainama chini ya meza akatoa kijisufuria cha stili ambacho mpini wake ulivunjika melini, hakuna aliyekitaka. Mama hakuutazama ung'avu wake. Alikwenda nacho mlangoni penye mwanga, akatazama pale palipovunjika, akapakwaruza kwa msumari, akapakamulia ndimu, akangoja. Palikuwa peupe mpaka katikati.

"Ni hii hii mpaka ndani?"

"Mpaka ndani, mama."

Akampa ile shaba mbovu, wakabadilishana. Kilikuwa kidogo, cha kupikia watu wawili watatu, kwa hiyo nyumbani angelazimika kupika mara mbili, baba akalalamika sana baadaye. Lakini njia nzima mama alitembea haraka mpaka nikawa namkimbilia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule uanze niliona ana matumaini.

Alipika uji wa mahindi mtupu, bila ukwaju, bila ndimu. Akanywa yeye bakuli zima kwanza. Tukangoja tuone kama tumbo litamsokota. Halikumsokota. Akachukua kile kijisufuria chenyewe mpaka kitandani, akakiweka mbele ya mtoto ili akione ni kigeni.

Mtoto alikitazama. Alikigusa hata kwa kidole, hakukiogopa. Mama akachota kijiko, akapuliza, akakipeleka.

"Kunywa, baba yangu."

Meno yakakaza. Akageukia ukutani, akajikunyata, akaanza kutetemeka mwili mzima. Mama alibaki na kijiko hewani. Tuliokuwamo chumbani tulielewa sote kwa pamoja kitu ambacho mtoto alikuwa anakiogopa.

Mama akanipa bakuli. Akanyanyuka, akatoka, akashusha pazia nyuma yake. Nilimwita mdogo wangu kwa jina la utani, nikamsogezea kijiko. Alitazama mlangoni, akatazama tena, kisha akafungua kinywa. Akameza. Akafungua tena.

"Anakula?" mama aliuliza nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini sana.

"Anakula, mama."

 Halafu akaniambia, "Usimwambie nimepika mimi."