Mizizi Iliyopigwa Juu ya Bendera

Mume wangu alikuwa fundi kwenye mtambo wa umeme wa Bendera, na kila nilipolisifu ziwa letu la Kalemie alinijibu kwamba sijaona kitu, ngoja anipeleke mlimani kwenye miti ya babu zake. Siku ya mapumziko tukamwachia wifi mtoto wetu aliyekuwa bado ananyonya, tukapanda na shemeji. Kweli, miti ile hata sisi watatu tukishikana mikono hatukuweza kuuzunguka mmoja, na mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta za nyumba. Niliduwaa.

Nikajitenga kidogo kwenda haja. Nilipogeuka kurudi, kila mti ulifanana na mwenzake, njia siioni. Nikaita, msitu ukaimeza sauti yangu.

Ndipo nikasikia kishindo cha kitu kikipiga mbao. Zaire ile, kishindo cha namna hiyo tulikijua: wanajeshi wanagonga milango kwa vitako vya bunduki. Nikakimbia. Kikanifuata, nikazidi kukimbia, hadi kitenge kikachanika na maziwa yakaanza kunichuruzika kifuani. Saa ya mtoto kunyonya ilikuwa imefika, na mimi sijui hata Bendera iko upande gani. Nililia kwa sauti. Nilimlaani mume wangu pamoja na miti yake, nikamwomba Mama Maria anitoe humo hata kwa mikono ya shetani.

Jua likishuka, nguvu ziliniisha, nikaketi. Kishindo kikaja tena, karibu. Nikawaza: hata wakiwa wanajeshi, wanifanye watakavyo, mradi wanifikishe kwa mtoto wangu. Nikainuka, nikakifuata.

Alikuwa mume wangu, ameshika gogo, anapiga mzizi, viganja vinavuja damu. Shemeji akanieleza kwamba kwao aliyepotea haitwi jina, kwani mlima utalidaka na kumwita kwa sauti ya ndugu yake hadi apotee kabisa. Hupigwa mizizi, naye huifuata sauti.

Sisi wa ziwani, ukungu ukifunga, tunaitana mpaka koo zikauke.

“Kwetu ku ziwa,” nikamwambia mume wangu, “muntu akipotea wanamuita jina. Ule hawamuite, njo ule wameisha kumuzika.”

Shemeji akamshika mkono kumzuia asiniite. Mume wangu akalitupa gogo, akaniita jina langu, nami nimesimama mbele yake, akaniita tena na tena, kama mtu ambaye bado hajaniona.