Mtoto Asiyehesabiwa

Nilipokuwa mtoto, ilikuwa marufuku kunihesabu. Mgeni akija kwetu Waithaka, Nairobi, akauliza mama ana watoto wangapi, nyanya yangu, mama yake baba, alidakia kabla mama hajafungua mdomo na kusema, "Wapo." Wapo, basi. Tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Kunisifu nako kulikuwa kosa. Jirani akisema nimenenepa au nimependeza, Dani alisonya na kuniita ndani hata kama hakuwa na la kuniitia.

Alikuwa na sababu zake. Kabla yangu mama alizaa wengine, na wote wakafa wachanga. Sitasema walikuwa wangapi. Najicheka mwenyewe, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi mjini, lakini hata leo ulimi unakataa. Mama alipopata mimba yangu, Dani aliamuru aende akazalie nyumbani Siaya. Nilipozaliwa tu, nilifungwa kwenye kitambaa kikuukuu nikawekwa jalalani nyuma ya boma, kana kwamba hakuna anayenitaka. Mama wa boma jirani, aliyekuwa ameshaambiwa, akapita hapo, akaniokota, akanirudisha. Ndiyo maana naitwa Awiti, aliyetupwa. Kwa maelezo ya Dani, kulikuwa na kitu kinachosikiliza mlangoni kwetu, na kikisikia mtoto anapendwa kinamchukua. Sasa kilikuwa kimedanganywa, na kazi ya Dani ilikuwa kuhakikisha hakigundui. Alitufuata mpaka Nairobi, akahamia kwenye chumba chetu, akalala nami kitanda kimoja. Shuleni mwalimu alituhesabu kila asubuhi, lakini hilo Dani hakuliona, na mimi sikuwa mjinga wa kumwambia.

Hatukuwa watu wa kanisa. Baba alisema maombi yake yote aliyamaliza kwenye matanga ya watoto wake. Mama alisuka nywele Kenyatta Market, akitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na pale Waithaka hakujua mtu isipokuwa mwenye nyumba wetu, mama mzee wa Kikuyu ambaye mtaa mzima ulimwita Shosho. Shosho ndiye aliyetualika kanisani kwake. Alimweleza mama, wakianika nguo, jinsi mambo yalivyo huko ili asiogope: hakuna atakayekuuliza umevaa nini, wimbo usipoujua piga makofi tu, ukiona watu wamesimama nawe simama. Halafu akasema kwamba kabla ya mahubiri wageni husimama, wakataja majina, wakahesabiwa na kuimbiwa, na ibada ikiisha wanapewa chai na mandazi.

Mimi nilisikia mandazi. Dani alisikia kuhesabiwa.

Jumamosi ile nyumba haikukalika. Dani hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli akichambua mboga, akasema mtoto aliyetupwa hasimamishwi mbele ya watu. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mama mkwe wake, alimjibu. Alisema amechoka kuishi kama mtu aliyejificha, anataka mahali ambapo asipofika watu watauliza yuko wapi. Sasa nina umri wa kuelewa maneno hayo yalimtoka wapi. Dani alimaliza mboga zake, kisha akasema basi naye atakuja, akae karibu nami.

Kanisa lilikuwa la mabati, sakafu ya saruji imepakwa rangi nyekundu ikang'arishwa, na ndani kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia, watu wazima wengi wakiimba pamoja bila hata mmoja kulewa. Nilidhani ningeogopa. Nilipenda kila kitu. Mama mmoja nisiyemjua alinivuta karibu akanionyesha ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo, mwingine akampokea Dani mkoba kana kwamba wamekua pamoja. Tulichelewa kusimama, tukachelewa kukaa, na hakuna aliyetucheka. Katikati ya wimbo wa pili nikasikia sauti nzuri kando yangu, nikageuka, na kumbe ni mama.

Kisha mzee wa kanisa akachukua kipaza sauti akaita wageni. Mama alisimama, akasema Bwana asifiwe, akataja jina lake na kwamba anakaa kwa Shosho. Akapigiwa makofi. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri, lakini yule mzee, mtu mchangamfu asiye na neno na mtu, alilitupia jicho benchi letu.

"Na hawa umekuja nao ni wangapi?" akauliza. "Ebu wasimame tuwaone. Huyo msichana amependeza kweli, na yeye atuambie jina yake."

Kuhesabiwa, kusimamishwa, kusifiwa, kutaja jina, vyote kwa pumzi moja. Mkono wa Dani ulinibana paja. Kusema kweli, mimi nilitaka kusimama. Nilikuwa nimejifunza la kusema tangu asubuhi, na kanisa zima lilikuwa limegeuka likitabasamu. Nikamtazama mama. Alikuwa amefumba macho. Nikikataa, ataonekana ameleta watu wasio na adabu mahali alipotamani kupokelewa. Nikisimama, atakuwa amemvunja Dani moyo. Na nadhani naye aliogopa, kwa sababu watoto wale waliokufa walikuwa wake.

Dani akasimama. Alikuwa mfupi, mgongo umeanza kupinda, mtu aliyekataa hata kupigwa picha. Alijiweka mbele yangu, leso aliyojitanda ikanifunika uso, akanyoosha mkono akapewa kipaza sauti.

"Mimi ndio Roselida Atieno," akasema. "Binti ya Okumu, wa Gem. Bibi ya Odera. Mimi ndio niko hapa. Kama ni kuhesabu, hesabu mimi."

Akayarudia majina yake yote polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba. Wengine walidhani ni uzee, wakacheka kwa upole. Yule mzee wa kanisa akainama anichungulie nyuma ya leso. Ndipo Shosho akanyanyuka kwenye benchi la akina mama.

"Wacha hiyo, mzee," akamwambia. "Hata sisi Wakikuyu mtoto hatuhesabu. Anzisha wimbo."

Wakatuimbia. Wakati wa chai Shosho na Dani walikaa pamoja, kila mmoja akikivunja Kiswahili kwa njia yake, na Dani akamsimulia habari za wale watoto. Aliwataja kwa majina. Mama hakuwahi kumsikia akiyatamka tangu wazikwe, kumbe yote alikuwa ameyahifadhi. Mama alilia pale pale na kikombe mkononi, na wale wanawake hawakumuuliza kitu, walimsogelea tu na kumwongezea chai. Jumapili iliyofuata Dani ndiye aliyetuamsha.

Siku hizi nasali Mountain View, kanisa kubwa lenye skrini, ambako mgeni huinua mkono tu akaelekezwa kwenye hema na kupewa soda. Nikiwasimulia wenzangu wa kazini habari hii hucheka, wakasema ni ushirikina. Huenda. Hakuna lililotokea baadaye la kuthibitisha chochote. Mimi nilikua, na Dani aliishi mpaka akampakata mwanangu. Lakini wanaocheka husahau kwamba yeye aliamini. Aliamini kabisa kuwa kuna kitu kinasikiliza, kinatafuta jina la kuchukua, naye akasimama akakipa lake, na la baba yake, na la kwao, kisije kikakosea njia.

Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo juu ya yule aliyejitoa kwa ajili ya wengine. Wahubiri hutoka jasho wakitueleza upendo wa namna hiyo ulivyo. Mimi huwasikiliza kwa heshima, lakini sihitaji kuelezwa. Siku yangu ya kwanza kanisani niliuona umesimama mbele yangu, umevaa leso, na mchungaji alikuwa bado hajafungua Biblia.