Siku Niliyoisifu Bia Iliyoharibika

Nilipoteza pua msimu wa mvua uliopita. Yenyewe bado ipo, imekaa katikati ya uso kama kawaida, ila haifanyi kazi. Nilishikwa na mafua makali, homa ikanilaza, na siku nilipopata nguvu za kutoka uani nilimkuta mke wangu ameinama jikoni. Nikamuuliza, "Mbona mpaka saa hizi hujaanza kupika?"

Akanigeukia na mwiko mkononi. Vitunguu vilikuwa vinakaangika mbele yake, vimeshaanza kugeuka rangi.

"Baba watoto, hunusi?"

Nikasogea mpaka moshi ukaniuma macho. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kutazama redio inayowaka taa lakini haitoi sauti.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kulalamikia siku mbili tatu na kuzoea. Mimi ni mpishi. Nimepikia wageni katika kambi moja ya Sitalike, ukingoni mwa hifadhi, tangu sijaoa, na hiyo kazi ndiyo iliyonipa jina pale kijijini. Watu hawaniiti kingine. Ni Mpishi tu, hata kanisani.

Mke wangu alinisihi nimwambie bosi. Nikamwambia pua itarudi, mafua hayajaisha vizuri. Nikarudi kazini, nikapika kwa mazoea ya mkono na kwa ulimi, maana ulimi haukufa. Chumvi naijua, sukari naijua, uchungu na ukali wa pilipili navijua. Kilichopotea ni kile kinachofanya kuku awe kuku na tangawizi iwe tangawizi. Wageni walikula, wakashukuru, wakaondoka. Siku zilivyopita nikaona siri inabebeka.

Kiangazi kilipoingia, akaja Mwalimu. Ni mzee wa Kimarekani aliyestaafu, aliyekuwa akijitolea kufundisha Mpanda mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila kimekaa kizamani, kama cha watu wa redio za zamani. Mwisho wa wiki alipenda kuja kambini kwetu kupumzika. Kwao alikuwa mmoja wa watu wanaoitwa kuonja na kuamua bia ipi imeshinda kwenye mashindano ya wanaopika bia nyumbani. Alikuja na kimea na zile hopsi zake, maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, ndani ya begi, akapika mwenyewe kwenye nyumba aliyopanga, akiifunika ndoo kwa magunia yaliyolowa ili joto la Mpanda lisiiue hamira.

Alichopika ni bia ya kahawia ya kwao, wanaiita braun eli. Alitaka tuionje na tumwambie ukweli. Akamwalika bosi wangu, ambaye ni mama mmoja mcheshi lakini asiyependa kuzungushwa. Akamwalika jamaa wa asali, mtu wa Ugalla anayetuletea asali kambini, mnene, mpenda mizaha, ambaye nyumbani kwao pombe ya asali inapikwa na kila shangazi. Wa tatu nilikuwa mimi.

"Mpishi lazima awepo," Mwalimu alisema. "Hii ni kazi ya watu wenye pua."

Ningeweza kusema tumbo linaniuma. Ningeweza kusema ninatumia dawa. Lakini alilisema mbele ya watu wote, na bosi akaongeza kwa majivuno, "Huyu wangu akipita tu mlangoni anajua kilichozidi." Nikacheka. Nikasema nitakuja.

Tulikaa barazani pale kambini Jumamosi alasiri. Hata hatujafungua chupa, jamaa wa asali akakunja uso na kusema tuhamishe meza, upepo unaleta uvundo wa viboko kutoka mtoni. Kiangazi mto hubaki madimbwi, viboko hurundikana humo, na harufu yake kila mtu wa Sitalike anaijua. Nilibeba kiti changu nikiwafuata na kusema, "Kweli, leo wamezidi." Hakuna aliyeniuliza. Nilijitolea mwenyewe kusema.

Mwalimu akapanga glasi. Akatueleza kwamba bia haionjwi kwa kiu. Unaanza na macho, unatazama rangi na povu. Halafu pua. Halafu unapiga funda dogo, unaliacha litembee mdomoni, unaangalia ni nzito au nyepesi, na mwisho inakuachia nini. Bia ya aina hii, akasema, inatakiwa inukie kimea kilichokaangwa, kama karanga au chokoleti, na hopsi zake zipande juu kidogo, tofauti na ile ya Waingereza iliyo tamu na ya upole.

Chupa ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ukiinua kwenye mwanga inakuwa nyekundu pembeni. Bosi akanusa. "Karanga za kukaanga," akasema. "Na ukoko wa mkate."

Jamaa wa asali akafumba macho. "Mimi naona kama asali iliyoungua kidogo. Halafu mwishoni, ganda la chungwa."

Mwalimu alifurahi mpaka akapiga meza. Akanigeukia.

"Karanga, ndiyo," nikasema. "Na hilo chungwa. Lipo."

Kwenye ulimi wangu kulikuwa na utamu mfupi na uchungu mrefu. Basi.

Akafungua ya pili, akaimimina kwenye glasi safi. "Safari hii aanze Mpishi," akasema, "ili wenzake wasimharibie."

Nikaitazama. Rangi ileile, ila povu lake lilikuwa zuri zaidi, limesimama na halikuanguka upesi. Nikaingiza pua kwenye glasi nikavuta pumzi ndefu na kufumba macho kama nilivyomwona jamaa wa asali akifanya. Nikapiga funda. Ilikuwa laini, uchungu wake mpole kuliko ya kwanza. Nikafurahi, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na jambo la kusema ambalo ni langu.

"Hii ndiyo bia," nikasema. "Ile ilikuwa nzuri, lakini hii imetulia. Harufu yake safi. Karanga zimekolea, na chokoleti kwa mbali. Ningeambiwa nichague ya kuwapa wageni wetu, ningewapa hii."

Nikapiga funda la pili, kubwa.

Nilipoishusha glasi nilimwona jamaa wa asali amefikisha yake puani na kuirudisha mezani bila kunywa. Bosi alikuwa ananitazama.

"Unatania?" akauliza.

"Natania nini?"

Jamaa wa asali akapasuka kicheko. "Mpishi! Hii inanuka kama wodini! Inanuka bandeji na dawa ya kuoshea vidonda, wewe unatuambia chokoleti!"

Mwalimu akainua mkono kumnyamazisha, na uso wake ulikuwa umeshakuwa mwekundu. Akaeleza haraka haraka kwamba bia hiyo ilikuwa jaribio lake la kwanza, na kwa woga wa maji alitia dawa ya kuua vijidudu, na dawa ile ikikutana na bia huleta harufu hiyo. Aliitunza makusudi. Kwao wanaojifunza kuonja huwekewa moja mbovu, wajifunze kuitambua. "Hata mtoto anaitambua," akasema, kisha akatamani, nadhani, kuyameza maneno hayo.

Hapo ndipo ningesema. Hakukuwa na lililobaki la kuficha. Lakini nikasema, "Nilikuwa nawapima nyie."

Hakuna aliyecheka, hata jamaa wa asali. Nimeshawahi kuunguza chakula cha harusi, nimeshawahi kuanguka na sinia mbele ya mkuu wa mkoa aliyepita njia, lakini sijawahi kuona watu watatu wakitazama mikono yao kwa wakati mmoja kwa sababu yangu. Masikio yaliniwaka moto. Kulikuwa na chupa nyingine iliyobaki. Mwalimu aliirudisha kwenye kikapu akasema jua limekuwa kali.

Bosi alinikuta nyuma ya jiko.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, bosi?"

"Usinichoshe."

Nikamwambia. Mafua, homa, vitunguu. Alisikiliza huku amekunja mikono, na mimi nikajiandaa kutukanwa kwa ajili ya bia, kwa kumwaibisha mbele ya mgeni. Alipofungua mdomo hakusema habari za bia.

"Siku ile ya gesi," akasema.

Nilikuwa nimeisahau, au nilikuwa nimeizika. Aliingia jikoni asubuhi moja akapiga kelele kwamba gesi inavuja, akakimbilia mtungi, akafunga, akafungua madirisha yote. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya jiko na kiberiti mkononi. Nilimwambia nimebadilisha mtungi sasa hivi tu, ndiyo maana inanuka kidogo. Haikuwa kweli. Mtungi ulikuwa wa tangu juzi yake.

"Na dada anayekusaidia jikoni alikuwa humo ndani," bosi akasema. "Anamenya viazi."

"Ndiyo."

"Ulidhani ukiniambia nitakufukuza?"

"Ndiyo."

"Basi ulinidhania vibaya, na ukatuweka wote pabaya." Hakupandisha sauti. "Kesho usiwashe jiko. Na huyo dada ukamwambie wewe, sio mimi."

Dada wa jikoni alikuwa anasugua masufuria. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu, ananiita kaka, na mtoto wake wa kwanza nilimpeleka mimi kliniki kwa pikipiki mvua ikinyesha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama mtu anayetoa taarifa polisi. Alipomaliza kusikia habari ya gesi aliweka sufuria chini taratibu. Nilisubiri alie, au anitukane.

"Kwa hiyo maharage yaliyoungua," akasema. "Siku ile uliyonigombeza mbele ya wageni. Ukasema nimezubaa."

Maharage yale yalikuwa kwenye jiko langu. Nilikuwa nimeyapa mgongo, yanaungua, na sikujua mpaka moshi uliponifikia machoni.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimesikia, kaka," akajibu, akachukua sufuria yake.

Nimesikia. Sio nimekusamehe. Niliondoka na neno hilo na bado ninalo.

Nyumbani mke wangu hakusema, "Nilikuambia." Angesema ningepumua. Alinipakulia chakula akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza, na watoto akawazuia wasinisumbue, kama nyumba yenye msiba. Jamaa wa asali, kwa upande wake, hakukaa na habari. Wiki ile ile pale kituo cha pikipiki waliniuliza kama nataka chokoleti, wakaninyooshea kopo la grisi. Nilicheka nao. Kwa mzaha huo sikuwa na pa kukimbilia, kwa sababu walichosema kilikuwa kweli.

Daktari wa Mpanda alinitazama puani kwa tochi akasema inaweza kurudi, inaweza isirudi. Akanishauri niizoeze kila asubuhi kwa vitu vyenye harufu kali. Basi kila asubuhi mke wangu ananifunga macho kwa kitenge, ananiwekea puani karafuu, limao, kahawa, kitunguu saumu, na mimi natakiwa nitaje. Siku moja nilitaja limao na ilikuwa limao, tukashangilia mpaka watoto wakaja. Baadaye nikakumbuka tone lilikuwa limenidondokea mdomoni. Sikumwambia siku ile. Nilimwambia kesho yake, na niliona ilivyomuuma.

Mwalimu alikuja kuniaga kabla ya kurudi kwao. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema aliniwekea mtego bila kujua na kwamba jambo hilo linamsumbua. Nilimwambia mtego ulikuwa wangu. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, ya pili ile niliipendea nini hasa, kama harufu sikuipata. Nikamwambia ilikuwa laini mdomoni na uchungu wake haukuning'ang'ania. Akatikisa kichwa akasema hayo ni kweli, ulaini ilikuwa nao. Najua alitaka kunipa kitu cha kushika. Nilimshukuru, lakini mgeni akikuhurumia mlangoni kwako, watoto wako wakisikiliza, huruma hiyo nayo ina uzito wake.

Dada ndiye mpishi sasa, na anapika vizuri. Mimi bosi alinipa kazi ya manunuzi. Nakwenda Mpanda sokoni na orodha ya kichwani. Nilijua ugumu utakuwa kwenye samaki. Wiki za mwanzo nilinunua kwa kutazama macho na kubonyeza tumbo, nikijifanya mtu mwenye haraka. Juzi nilisimama kwa mama mmoja anayeuza migebuka walioletwa kutoka ziwani. Akainua mmoja akaniletea usoni.

"Nusa mwenyewe, kaka. Mbichi huyu."

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo, safi.

"Sinusi, mama," nikasema. "Pua yangu imekufa. Niambie wewe."

Wateja wawili waligeuka kunitazama. Yule mama alinitazama pia, akatazama samaki mkononi mwake, kisha akamrudisha alipomtoa. Akainama chini ya meza, akavuta beseni lililofunikwa kwa mfuko, akaanza kunichagulia kutoka humo, mmoja mmoja.

Nilimlipa nikiwa nimeinamisha macho, nikasema asante, nikaondoka upesi na samaki wangu kama mtu aliyeiba.