Saini Tano Zilizofutwa kwa Mkate

Baba yangu huzungumza Kikachi, lugha ya Kihindi ya ukoo wetu, akiwa na sahani mbele yake, na Kiswahili akiwa na nyundo mkononi. Ndivyo alivyozoea Mombasa kwenye duka lake la fremu, na London haijambadilisha. Kwa hiyo Kikachi maana yake tule. Kiswahili maana yake kazi, au nimekamatwa na kosa.

Mwaka tuliofika tulihama mara tatu. Hata chumba cha Tooting, juu ya duka la viungo, hatukukiamini. Sanduku kubwa mama hakulifungua kabisa. Mimi nilikuwa siwezi kukaa kitini dakika kumi. Baba alipakia makopo kwenye ghala moja huko Barking, akirudi na mikono imepasuka, hasemi kwa lugha yoyote. Ndipo Mwingereza mmoja mwenye karakana ya fremu akampa mwezi mmoja wa majaribio. Mambo yakienda sawa, kazi ni yake. Yakienda kombo, Barking na makopo. Baba akaanza tena kuzungumza Kiswahili.

Jumamosi ya tatu nilimpelekea chakula. Bosi alikuwa ameenda kutazama mpira, kamwachia baba funguo na picha sita za kutia fremu, kazi ya bibi mmoja mchoraji kutoka Norwei. Zote sita zilikuwa sawasawa: jabali jeusi, theluji, na kijumba chekundu kama kipele puani.

"Amechora moja, akakosa la kuchora, akairudia," nikasema.

"Hazichorwi moja moja, hupigwa chapa. Kaa. Usiguse."

Sikukaa. Nilizunguka, nikachokora misumari, nikaokota karatasi iliyokuja na picha. Ilieleza maisha ya huyo bibi: alianza kwa kuchora vibandiko vya makopo ya samaki (makopo tena, nikafikiri), akaingia chuo cha sanaa wenzake wakiwa na watoto wa skuli, akakaa miaka mingi bila mtu kumtaka, na sasa watu wa makumbusho humwandikia barua. Chini yake: picha hii imepigwa nakala sabini na tano tu, kisha bamba lake la kupigia chapa likakwaruzwa lisitumike tena. Kila nakala ina nambari yake na saini ya bibi mwenyewe, kwa penseli.

Nikatazama mezani. Pembeni chini ya ile picha iliyokuwa karibu nami palikuwa peupe pe.

"Baba, saini iko wapi?"

"Saini gani?"

"Ya penseli. Na nambari."

"Zile? Nimezisafisha."

Huko dukani kwetu, penseli kwenye ukingo wa picha ni vipimo vya fundi. Picha ya harusi ikirudi kwa mwenyewe na alama hizo, ni aibu ya duka zima. Baba huzitoa kwa mkate wa boflo wa jana: huviringa sehemu ya ndani mpaka iwe donge, kisha husugua polepole. Siku hiyo alikuwa ameshasugua tano, tena kwa bidii kuliko siku zote, kwa sababu ya majaribio.

Nikamsomea karatasi. Akaliweka donge chini taratibu, akakaa juu ya kasha.

"Nilidhani ni vipimo," akasema. Kisha akatoka kwenda kwenye kibanda cha simu kumpigia bosi nyumbani, huenda karejea.

Hapo akili yangu ikaanza kuniwasha. Lazima nieleze kwamba nina kipaji. Tangu tufike nilikuwa nimeshamwandikia mwalimu wa mazoezi barua nne zenye saini ya baba, kwamba binti yake ana ugonjwa wa figo, asikimbizwe kwenye baridi. Sasa picha ya sita ilikuwa bado haijaguswa: 18/75, na saini ya herufi zilizolala kama zimepigwa na upepo. Nikajaribu mara tatu kwenye gazeti. Kisha nikazitia saini zote tano, nikazipa nambari kumi na tatu mpaka kumi na saba, kwa mpango.

Baba akarudi. Simu haikupokelewa. Akainama, akatazama picha moja baada ya nyingine, asijue ya kweli ni ipi. Kwa muda mfupi uso wake ulilegea. Kisha ukakaza.

"Umejifunzia wapi?"

"Skuli."

"Ahaa. Ndiyo maana yule mwalimu alinishika bega sokoni akaniuliza hali ya figo zako. Nikadhani ndivyo Waingereza wanavyosalimiana."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akachukua mkate, akazifuta saini zangu zote.

"Mimi nimefuta kwa kutojua. Weye umeandika huku unajua. Vaa koti."

Anwani ya bibi ilikuwa kwenye bahasha iliyokuja na picha: Stratford, humo humo London. Tulipanda treni, picha magotini, baba kazishika kwa ncha za vidole kama sinia la mayai. Njiani alifanya mazoezi ya Kiingereza chini kwa chini: "Madam, kuna jambo dogo." Kituo kilichofuata akaliondoa "dogo".

Bibi alifungua mlango mwenyewe, mrefu, wino hadi viwikoni. Baba akasema yote, kisha akanisukuma mbele nikasema yangu.

"Uliandika nambari gani?" akaniuliza.

"Kumi na tatu mpaka kumi na saba."

Akafungua daftari. "Kumi na tano iko ukutani kwa daktari mmoja kwetu Norwei. Aliichukua wakati hakuna aliyenitaka. Ungempa pacha wa picha yake, na angeniita mwongo mimi, si wewe."

Akatafuta nambari zenyewe daftarini, kumi na tisa mpaka ishirini na tatu, akachukua penseli. Nne zilishika penseli. Ya tano baba alikuwa ameifuta mara ya pili kwa hasira kuliko nyingine, na karatasi ilikuwa imeota manyoya. Bibi akaipapasa kwa kidole, akaichana vipande vinne. Baba akafumba macho kama aliyepigwa.

"Sasa ziko sabini na nne," bibi akasema, akiandika. "Mwambie bosi wako hii nimeichana mimi. Mengine mwambie mwenyewe."

Jumatatu baba akamwambia. Bosi alikagua kingo kwa muda, akasema hajawahi kuona karatasi iliyosafishwa vizuri namna ile, wala hajawahi kutamani kumfukuza mtu kiasi kile. Mwezi wa majaribio ukaanza upya, siku ya kwanza. Mama aliposikia alifungua sanduku, akatoa pazia moja, akalifunga sanduku tena.

Na mimi? Baba alimwandikia mwalimu barua ya tano, kwa mkono wake: binti yangu hana ugonjwa, akimbie. Mwalimu akaiweka kando ya zile nne, akazilinganisha, akanitazama kwa huzuni.

"Hii," akasema, "si saini ya baba yako."

Ikabidi baba aje skuli na koti lake la kazi, atie saini mbele yake. Mimi nilikuwa nimeshapelekwa uwanjani, nakimbia kwenye baridi. Kila mzunguko nilimwona dirishani, kainama mezani, anaandika jina lake tena.