Fundi na Ubeti wa Pili

Fundi cherehani wa mlango wa pili ni bibi wa watu, lakini kwa rapu wajukuu zake hawamfikii. Redio yake haizimwi. Akikata kitambaa mabega yanacheza, na mkasi nao unafuata mdundo. Hata yale maneno ya mbiombio, ambayo mimi mshona viatu huyasikia kama maharagwe yanayomiminwa kwenye sufuria, yeye anayo yote kichwani. Ila kuna wimbo mmoja hauishi kupigwa, na kwenye ubeti wa pili jamaa anajisifu anavyomnyoosha mkewe kwa makofi. Hapo fundi hukanyaga cherehani kwa nguvu zote ingurume, hata kama chini ya sindano hakuna kitambaa, mpaka ubeti upite. Kisha huendelea kuimba kama si yeye. Niliwahi kumwuliza kwa nini asizime tu. "Nizime? Mdundo umekosa nini?"

Jana alikuwa anamjaribishia bibi harusi gauni, amepiga magoti, pini mdomoni, cherehani iko mbali. Ubeti wa pili ukaingia. Binti akaudaka, akaimba huku anacheka. Fundi akainuka na magoti yake mabovu, akamziba masikio kwa viganja viwili, mabega yake yakiendelea kucheza. Ubeti ulipopita, akamwachia, akatoa pini mdomoni.

"Shangazi jamani, mbona huo naujua wote?"

"Ujue tu, mwanangu. Ila kwenye gauni langu hauingii."